Kusoma Betri: Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi, wala sikuwahi kuitilia shaka hadi siku niliponunua betri ya simu. Siku hiyo nilikuwa na macho, nilikuwa na mwanga wa kutosha, na mkononi nilishika kibandiko kilichojaa maandishi. Lakini sikuona kitu. Huenda ukajiuliza betri ya simu ina mnasaba gani na jarida la chama cha wanafunzi wa Kiswahili. Nakuomba unipe subira kidogo. Nikimaliza, utaamua mwenyewe kama nimepotea njia.

Mamangu ni mchuuzi wa mboga katika soko la kwetu, magharibi mwa Kenya. Simu yake si pambo. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, biashara ya wachuuzi wengi imehamia polepole kutoka kwenye kibindo hadi kwenye simu, na yake pia. Wateja humlipa kupitia simu hiyo, naye humlipa kupitia simu iyo hiyo mkulima anayemletea sukuma wiki alfajiri. Karo yangu imepitia humo muhula baada ya muhula. Basi simujanja hiyo ilipoanza kuzima kabla ya saa nne asubuhi hata ikiwa imelala kwenye chaji usiku kucha, Mama aliifunga kwa karatasi, akaikabidhi kwa dereva wa matatu tunayemfahamu, kisha akanipigia kwa simu ya jirani. "Mwanangu," akasema, "wewe uko Nairobi, na umesoma. Nitafutie betri nzuri."

Neno hilo "umesoma" ndilo linalonichoma hadi leo.

Katika kibanda kimoja jijini nilionyeshwa betri mbili zilizoingia sawasawa katika simu ile. Ya kwanza iliandikwa 3,000 mAh, kama ile iliyochakaa. Ya pili iliandikwa 5,000 mAh, nayo bei yake ilikuwa nusu ya bei ya ile ya kwanza. Muuzaji aliniapia kwamba hii ya pili ingekaa siku mbili bila kuchajiwa. Kubwa na rahisi kwa pamoja! Nani angekataa? Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu niwezaye kuchanganua sentensi ya Kiswahili hadi mofimu ya mwisho, nilitazama kibandiko kile jinsi mtoto atazamavyo gazeti. Nikalipa, nikawekewa, nikaituma simu nyumbani, nikajiona mwana mwema.

Wiki sita baadaye Mama alinipigia tena kwa simu ya jirani. Mgongo wa simu yake ulikuwa umeinuka kama andazi lililotiwa mafutani, na kioo kilikuwa kimeanza kubanduka. Mungu si Athumani, moto haukuwaka. Lakini kwa siku kadhaa Mama aliuza kwa wenye pesa taslimu pekee, akalala na mboga zilizonyauka, na akawa na deni kwa mkulima wake. Kama betri ile ingeshika moto usiku, chini ya mto wake ambako hupenda kuiweka, nisingekuwa na moyo wa kuandika makala haya.

Simu iliporudi Nairobi niliipeleka kwa fundi mmoja katika Barabara ya Luthuli, mahali panapojulikana kwa vifaa vya elektroniki. Aliitoa betri kwa uangalifu ambao simshauri mtu mwingine auige, akaiweka kwenye bati mbali nasi, kisha akaniita. "Njoo usome, ndugu yangu." Nikasoma: 5,000 mAh. "Endelea." Nikasoma: 3.85 V. "Endelea." Nikasoma: 11.55 Wh. "Sasa zidisha."

Hapo ndipo nilipofunzwa yale ambayo sikufunzwa darasani. Namba ya kwanza, miliampea-saa, hueleza ujazo wa betri, yaani kiasi cha chaji inachoweza kuhifadhi. Namba ya pili ni volti, yaani nguvu ya msukumo wa umeme huo. Namba ya tatu, wati-saa, ni nishati yote, nayo hupatikana kwa kuzidisha zile mbili za kwanza. Miliampea-saa 5,000 ni ampea-saa 5. Ukizidisha 5 kwa 3.85 unapata 19.25, si 11.55. Lakini ukizidisha 3 kwa 3.85 unapata 11.55 barabara. Maana yake ni kwamba aliyechapisha kibandiko kile alikinakili kutoka kwa betri halisi ya 3,000, akabadilisha namba moja inayovutia wanunuzi, akasahau kuibadilisha ile nyingine. Uongo ulikuwa umeandikwa waziwazi juu ya betri yenyewe. Niliushika mkononi, nikaulipia, nikamtumia mamangu.

Fundi hakuishia hapo. Alibandua pembe ya kibandiko. Chini yake palikuwa na kibandiko kingine, cha zamani, kilichosema 3.7 V na kwamba betri ile isichajiwe kupita volti 4.2. Simu ya Mama huchaji betri yake hadi volti 4.4. "Hii ni kama debe," akaniambia. "Debe la lita ishirini halibebi lita thelathini na tatu eti kwa sababu limepakwa rangi upya. Na ukilazimisha maji yaingie, litapasuka. Betri haipasuki mara moja. Hufura kwanza." Kemikali zilizomo huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi hiyo haina pa kutokea.

Kutokana na somo hilo, na mengine niliyojifunza baadaye, nimeona kwamba kuchagua betri si bahati nasibu wala si suala la bei peke yake. Kwanza, hakikisha kwamba mgonjwa ni betri kweli. Waya mbovu, tundu la chaji lililojaa vumbi, au programu isiyolala vyaweza kuiangusha simu yenye betri nzima. Betri nyingi za simu zimeundwa zibaki na asilimia 80 hivi ya ujazo wake wa awali baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na za siku hizi zaidi ya hapo. Simu iliyotumika miaka mitatu mfululizo ina haki ya kuchoka. Ya miezi sita ichunguzwe kwanza.

Pili, linganisha betri mpya na ya zamani namba kwa namba: namba ya modeli ya betri, volti, na kikomo cha volti za kuchajia. Betri ya 3.7 V kwa kawaida hukoma kwenye 4.2, ile ya 3.85 hukoma kwenye 4.4. Zikitofautiana na ile ya zamani, iache hata ukipewa bure. Tofauti ndogo ya miliampea-saa si kitu, lakini betri ya umbo lile lile inayodai kuzidi mwenzake kwa theluthi mbili inakudanganya. Tatu, zidisha. Simu iliyo mfukoni mwako ina kikokotoo. Kitumie hapo hapo kibandani, muuzaji akitazama.

Nne, uliza umri wake. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa imelala dukani ndani ya pakiti yake. Ndiyo maana betri halisi ya simu iliyoacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita yaweza kuwa mbovu kuliko betri ya kampuni nyingine iliyoundwa mwaka huu kwa vipimo vile vile. Hapa natofautiana na wale wanaoshikilia kwamba kila betri isiyo ya mwenye simu ni takataka. La hasha! Zipo betri za kampuni nyingine zilizoundwa kwa uaminifu. Kinachozitenganisha na zile ghushi si jina bali ukweli wa kibandiko, na muuzaji aliye tayari kuandika risiti yenye dhamana ya miezi kadhaa. Tano, betri ikifura, usiichaji tena, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitupe motoni au katika choo cha shimo. Ipeleke kwa fundi au kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Pengine utasema kwamba haya yote ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, na tuna shirika la kukagua ubora wa bidhaa. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu ghushi zilizimwa katika mitandao yote nchini. Hata hivyo, simu hizo zilitambulika kwa sababu kila simu ina namba ya utambulisho inayosomwa na mtandao. Betri haina namba ya aina hiyo. Hakuna mnara wa mawasiliano unaoweza kujua kwamba betri fulani inasema uongo. Ikishavuka bandari na kufika kibandani, mkaguzi wa mwisho ni mnunuzi.

Aidha, hatari hii si ya vichochoroni pekee. Mwaka 2007 kampuni ya Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri zipatazo milioni 46 za aina ya BL-5C, betri ambayo Wakenya wengi wanaikumbuka kutoka kwa simu za kubonyeza na redio ndogo za mkononi. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuiondoa sokoni simu yake ya Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Ikiwa wakubwa hao, pamoja na maabara zao, waliteleza, basi mwenye kibanda asiye na kipimo chochote atatuhakikishia nini?

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Katika betri nyingi za simu mna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika eneo la Kolwezi na Likasi. Watu wa huko husema Kiswahili. Kwa hivyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba udongo uliozaa betri ya Mama ulichimbuliwa na mtu anayesema Kiswahili, na betri yenyewe ikaishia mikononi mwa mtu anayesema Kiswahili. Lakini katikati ya safari hiyo ndefu, juu ya kibandiko kile chenye Kiingereza na Kichina, hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Lugha yetu ilikuwepo mgodini na sokoni. Haikuwepo mahali ambapo maarifa yaliandikwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hiyo kikamilifu. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa mojawapo ya lugha mbili rasmi. Nimesoma vifungu hivyo viwili mara nyingi nikiviweka ubavu kwa ubavu. Habari ambayo mama mboga hawezi kuisoma ni habari kwa nani? Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamekwisha kupitisha sheria kwamba kuanzia Februari 18, 2027, kwa kanuni ya jumla betri za vifaa vya mkononi ziwe zinazoweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na tangu Juni 2025 wameweka masharti ya uimara wa betri za simu zinazouzwa kwao. Sisi bado hatujadai hata kijikaratasi kimoja.

Najua pingamizi nitakalokumbana nalo. Kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Wenye dai hili hawajawahi kukaa kwenye kibao cha fundi. Fundi yule hakuwa na kamusi, na mazungumzo yake hayakukosa maneno ya Kiingereza wala ya Sheng. Lakini betri kwake "imefura", "haishiki chaji", "inapoteza moto", na simu "inakunywa umeme". Hayo ni maneno yenye mipaka ya maana iliyo wazi. Kila fundi wa barabara ile huyaelewa kwa namna moja. Istilahi ziko tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuziokota. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na sisi tunapita pembeni ya waundaji tukielekea maktabani kutafuta mada za tasnifu.

Wengine watasema kwamba Kiingereza kinatosha, kwani Wakenya wamesoma. Jibu langu ni mimi mwenyewe. Kiingereza ninakijua, nacho hakikunisaidia kitu pale kibandani. Hapa sharti nikiri jambo ambalo wapenzi wa Kiswahili huenda wasilipende: kibandiko kile kingetafsiriwa neno kwa neno, bado kingenipiga chenga. Kilichonifungua macho si tafsiri. Ni maelezo, ni mfano wa debe, ni mtu aliyeyajua mambo na kuyasema kwa lugha inayoishi katika maisha yangu. Tukidhani kazi yetu ni kubandika maneno ya Kiswahili juu ya maneno ya Kiingereza, tutakuwa tumefanya kama yule aliyebandika kibandiko kipya juu ya cha zamani. Ndani, betri itabaki ile ile.

Kwa muda mrefu tumejivunia kwamba lugha hii ina uwezo wa kubeba elimu yote. Tumeisema kauli hiyo makongamanoni na tumeipigia makofi. Ni wakati sasa tuibebeshe jambo moja dogo tuone. Napendekeza kwamba chama chetu kiandae kijikaratasi cha ukurasa mmoja kwa Kiswahili, chenye namba tatu za kusoma, mfano mmoja wa kuzidisha, na dalili za betri iliyofura. Wanafunzi wa isimu wakusanye maneno ya mafundi. Wenzetu wa fizikia na uhandisi, ambao pia ni wapenzi wa lugha hii ingawa hatuwaalikani, wahakiki vipimo. Mafundi wakisome kabla hakijachapishwa, na pale watakapocheka, turekebishe. Kisha kila mmoja wetu akienda likizo abebe nakala ishirini hadi soko la kwao. Kazi hii haihitaji mfadhili wala kongamano.

Kuna atakayeona kwamba nimeishusha hadhi taaluma yetu kutoka kwa tenzi hadi kwa betri. Sioni hivyo. Fasihi imenifunza kusikiliza msemaji asiyesema ukweli na kumgundua kwa maneno yake mwenyewe. Kibandiko kile kilikuwa msemaji wa aina hiyo hasa: kilidai tano mstari wa kwanza, kikakiri tatu mstari wa tatu. Stadi nilikuwa nayo. Sikudhani inahusu kitu kama kile.

Mama sasa ana betri nyingine, ya 3,000, niliyoizidisha mara mbili kabla ya kulipa. Nilipompelekea simu mwenyewe wakati wa likizo, nilimketisha nikamwonyesha picha ya kibandiko nikamweleza habari ya debe. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akanyamaza kidogo. "Kumbe ni hesabu ya kawaida tu," akasema. "Mbona hawakuyaandika hivyo?"

Nimewaletea swali lake, wanachama wenzangu, kwa sababu sikuwa na jibu.